Nilimcheka, sasa nimelipa nauli

Leo naanza kwa kuungama.

Juzi kijiweni, mshikaji wangu mmoja anayesoma habari redioni alitwambia anataka kuacha kazi. Kisa? "Nimechoka kusoma ajali na vita. Nataka nizunguke mikoani, niandike safari zangu." Tulimcheka mpaka chai ikatumwagika, na mimi ndiye niliyeongoza. "Sauti yote hiyo unaipeleka wapi, kupiga debe stendi?" Jamaa akanyamaza, akalipa chai yake, akaondoka.

Usiku usingizi ukagoma. Nikamkumbuka Mmarekani mmoja, Eric Weiner. Huyu bwana alikuwa mwandishi wa habari wa redio ya NPR miaka mingi tu. Alikaa New Delhi, Jerusalem na Tokyo, akaripoti kutoka nchi zaidi ya 30. Kazi yenyewe si mnaijua: pakiungua, wewe ndiyo unatumwa. Penye raha nani akupeleke na maikrofoni?

Basi akajiuliza swali kama la mtoto: hivi wenye furaha wanaishi wapi? Akafunga begi. Mwaka 2008 akatoa kitabu, The Geography of Bliss, chenye safari za nchi 10. Na mwenyewe ni mtu wa kununa, kajitangaza hivyo hivyo kwenye jalada!

Alianzia Uholanzi, kwa profesa aliyekuwa akikusanya takwimu za furaha ya dunia nzima. Akaenda Bhutan, ambako serikali inapima na furaha ya taifa, siyo mapato tu. Moldova akakuta watu wamenuna kumshinda yeye. Kilichomshtua huko siyo umaskini peke yake, ni watu kutoaminiana na kuoneana kijicho, jirani akianguka mtu anapata raha. Lakini Iceland, baridi na giza tupu, alikuta watu wasioona haya kujaribu jambo, likiwashinda wanaanza jingine.

Hapo nikajiona mjinga. Kumbe kijiwe chetu ni Moldova ndogo! Mtu akitaka kuinuka, tunamvuta shati.

Na tena, Weiner hakutupa ufundi wake. Kwenda, kuuliza, kusikiliza, kumsimulia asiyefika: yote hayo aliyatoa redioni. Alichobadilisha ni swali tu. Kitabu kiliuzika kichizi, na mwaka 2023 kikazaa kipindi cha televisheni cha mwigizaji Rainn Wilson.

Sisemi kila anayeacha kazi atatoka. Wengine watarudi kukopa unga dukani. Lakini anayejaribu anahitaji mtu wa kumsindikiza, siyo wa kumzomea.

Jana nikamfuata mshikaji kwake. "Nisamehe kaka. Nenda." Akanitazama weee, kisha akacheka: "Poa. Basi nauli ya kwanza unatoa wewe."

Nimetoa. Mfuko unalia, roho imetulia. Tukutane wiki ijayo!