Barafu ya Majuma Mawili

Wengi wenu hamjaona theluji, ila labda kwa mbali juu ya vilele vya Ruwenzori. Lakini neno la leo mtalifahamu upesi, maana ni neno la fedha ya watu wote kutumiwa kwa sikukuu moja.

Katika Michezo ya Olimpiki ya baridi kuna mashindano ya kuteremka mlima ndani ya kigari kisicho na magurudumu, chenye vyuma tu chini yake. Kigari hupita katika mfereji wa saruji uliofunikwa na barafu, kwa mwendo unaozidi kilometa 120 kwa saa. Barafu hiyo haitoki mbinguni: mabomba ya dawa kali ya amonia hulazwa ndani ya saruji ili kugandisha maji. Kazi hiyo hula mamilioni, na watu wanaocheza mchezo huo ni wachache sana, hata huko Ulaya.

Italia ilijenga mfereji wa namna hiyo huko Cesana, upande wa Torino, kwa Michezo ya 2006. Uligharimu zaidi ya milioni 100 za euro. Watu waliambiwa ya kuwa vijana watajifunza hapo, wageni watakuja, fedha itarudi. Mwaka 2011 yalifanyika mashindano makubwa ya mwisho. Kisha ukafungwa, kwa kuwa gharama ya kuutunza ilishinda mapato. Ukabaki mlimani, saruji tupu.

Ungetazamia nchi hiyo iogope. Sivyo! Kwa Michezo ya Februari 2026 serikali yake ilijenga mwingine huko Cortina, kwa milioni 118 hivi za euro, na mamia ya miti ikakatwa. Wakubwa wa Olimpiki wenyewe walishauri utumiwe mfereji uliopo tayari katika nchi jirani. Mwaka 2023, kazi ilipotangazwa, hakutokea hata mjenzi mmoja kuiomba. Serikali ikashikilia vivyo hivyo.

Na mifereji ya jirani ilikuwapo. Innsbruck, katika Austria, ni mwendo wa saa chache kwa motokaa, nao wana mfereji uliojengwa kwa Michezo ya 1976. St. Moritz, katika Uswisi, wana wao tangu 1904, nao haujengwi kwa saruji: kila mwaka huundwa upya kwa theluji na maji, na jua likizidi unayeyuka wote, hauachi deni wala gofu. Na mafundi wanaouunda, kumbe, hutoka kaskazini ya Italia yenyewe!

Watetezi husema: ni heshima ya taifa, Michezo ya Italia ifanyike Italia. Twawauliza: mwaka 1956 Michezo ilikuwa Melbourne, lakini farasi walishindana Stockholm, kwa sababu ya sheria kali za Australia juu ya kuingiza wanyama. Nani alisema Australia imeaibika? Tena mwaka 1960, huko Squaw Valley katika Marekani, wenyeji walikataa kabisa kujenga mfereji, maana nchi 9 tu zilisema zitaleta vigari. Michezo ikafanyika bila vigari, na hakuna aliyekufa kwa huzuni.

Hatuwachukii wachezaji, hata kidogo. Cortina palikuwa na mfereji wa zamani wenye jina la Eugenio Monti. Katika Michezo ya 1964 Mwitalia huyo aliwapa Waingereza skrubu ya kigari chake, maana yao ilikuwa imevunjika. Wakashinda wao, yeye akawa wa tatu. Hiyo ndiyo heshima ya taifa, nayo iligharimu skrubu moja! Mfereji wake ulifungwa 2008, na mahali pale pale ndipo wakamwaga saruji mpya.

Wanasema pia ya kuwa safari hii vijana watautumia kweli. Ndivyo walivyosema Cesana. Sisi twataka kuona jambo moja tu: hesabu ya kila mwaka baada ya sikukuu, yaani umeme, amonia, mishahara ya walinzi, na jina la atakayelipa. Huko Cesana hesabu hiyo ilikuja wakati wageni wamekwisha kurudi kwao, na bendera zimekwisha kushushwa.