Besiboli si mabavu, jamani!

Wadau, nimechoka kusikia eti vijana wa Mara wakifundishwa besiboli watatisha kwa sababu wana nguvu. Upuuzi! Mpira wa kilomita 145 kwa saa, ukirushwa kutoka mita 18.44, unamfikia mpigaji ndani ya nusu sekunde. Gongo (sio ile ya kunywa!) likae karibu na bega. Ukilirudisha mbali ili upige kwa hasira, mpira umeshapita. Nyonga izunguke kwanza, mikono ifuate. Mkata miti wa Butiama anajua: nguvu ya shoka hutoka kiunoni. Azania Sekondari, Dar es Salaam, Wajapani walianza kuwafundisha mwaka 2012. Sisi wa Musoma na Bunda tupeni walimu, sio sifa za misuli. Mnasemaje?