Nyumba Bora: Sakafu ya Mbao

Wenye nyumba wengi wa Taita-Taveta watakapo sakafu ya mbao huuliza kwanza bei, kisha rangi ya mti. Lakini yaharibuyo sakafu ni mambo mengine mawili: unyevu na mchwa.

Voi ni mahali pa joto na ukavu, wala haifiki meta 700 juu ya bahari; Wundanyi yapita meta 1,300, nako ukungu hushuka mara nyingi. Mbao hufuata hewa ya mahali zilipo. Ubao mbichi wa saipresi wenye upana wa inchi 6, ukitoka milimani na kupigiliwa mara moja katika nyumba ya Voi, huweza kupungua robo ya inchi. Chumba cha futi 12 huchukua mbao 24. Basi mwenye nyumba atapata nyufa ambazo jumla yake ni inchi 6, makao ya vumbi na viroboto. Mbao kavu za Voi nazo, zikipandishwa milimani, hunywa unyevu, zikavimba na kubenuka.

Dawa yake ni subira. Mbao na zipangwe ndani ya nyumba ile ile zitakamotumika, zikitengwa kwa vijiti ili hewa ipite kati yake. Ubao mmoja upimwe kwa mizani kila juma. Uzito ukiacha kubadilika, kazi yaweza kuanza.

Boriti zilazwe juu ya nguzo fupi za matofali, zikiachana inchi 16, zikasawazishwa kwa pimamaji. Zisiguse udongo hata kidogo. Chini yake ibaki nafasi ya futi moja na nusu, mtu aweze kutambaa na taa akikagua, na kuta ziachwe matundu ya hewa pande zote mbili, yenye wavu wa waya. Kila nguzo ivikwe kofia ya bati iliyokunjwa kingo zake kuelekea chini. Kofia hiyo haiui mchwa; huwalazimisha kujenga njia zao za udongo mahali panapoonekana. Mtarakwa hustahimili mchwa vizuri. Saipresi haina budi kutiwa dawa kabla ya kulazwa.

Mbao zikatize boriti, na kila kiungo cha ncha kiangukie juu ya boriti. Kwa ubao wa inchi moja, msumari wa inchi mbili na nusu watosha. Kando ya ukuta iachwe nusu inchi ya kupumulia, ifichwe kwa ubao mwembamba wa ukingoni.

Fundi anayengojewa na kazi nyingine hapendi kuona mbao zimekaa bure majuma kadha. Mwenye nyumba asione haya kumzuia, kwani fundi atakwenda zake, naye atabaki na sakafu.