Ubingwa Usio na Adabu

Wapo wasemao kwamba mchezo ni mchezo tu, na kwamba lisemwalo ndani yake halina uzito. Mimi siafiki. Namna mjuzi amtendeavyo mwanagenzi ndiyo kipimo cha ujuzi wenyewe.

Jioni moja hapa Moshi nilimkuta kijana ameinamia simu yake akicheza Free Fire, mchezo wa mtandaoni uliotolewa mwaka 2017, ambamo watu 50 hushushwa kisiwani wakapigana mpaka kisalie kikosi kimoja. Alikuwa na wenzake watatu asiowajua. Dakika tano hazikupita akauawa; mara sauti za wale watatu zikatoka simuni, zikamtukana yeye na mama yake. Aliizima, akatabasamu kwa haya, akasema, “Ndivyo wanavyotufanya sisi wapya, Mwalimu.” Neno hilo “ndivyo” lilinikera kuliko matusi, maana liliufanya uovu kuwa desturi.

Tena wapo wakongwe watendao baya zaidi. Huliacha jina lao lenye cheo, wakajiandikisha upya kwa jina geni, ili wapangwe pamoja na waanzao na kuwashinda kwa raha. Mtu mzima akiingia katika mbio za watoto wa chekechea na kudai kikombe, nani atamwita bingwa?

Wazee wetu walikwisha kulifikiri jambo hili. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hatua yake ya kunamua huwatatiza hata werevu. Kwa hiyo kuna bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mbilimbili tangu mwanzo, pasipo kunamua, ili mgeni apate pa kuingilia. Kejeli barazani hazikosekani, ni kweli. Lakini akukejeliye ameketi mbele yako, jina lake lajulikana, na kesho mtaamkiana.

Na tuutazame mlima wetu. Apandaye Kibo mara ya kwanza huambiwa na kiongozi wake “polepole”, na yeye aliyekwisha kupanda mara nyingi hupunguza hatua zake amngoje. Hans Meyer mwenyewe, safari zake za mwaka 1887 na 1888 hazikumfikisha kileleni. Alifika mwaka 1889, akiwa na Ludwig Purtscheller.

Nitajibiwa kwamba mwanagenzi huwaponza wenzake, wakashushwa cheo kwa kosa lisilo lao. Naam, naye ana wajibu: ajifunze kanuni, asikilize, wala asikimbilie mashindano ya vyeo kabla ya wakati wake. Lakini tusi halijapata kumfundisha mtu shabaha. Maneno manne tu, “jifiche nyuma ya ukuta”, yangaliweza kumwokoa yule kijana, na kikosi kizima pamoja naye.

Wala sisi wa vyuoni tusijione safi. Mwanafunzi hushuka kutoka Rombo au Machame na lafudhi ya kwao, akafungua kinywa darasani, akakosea upatanisho wa ngeli, nasi tukacheka. Nakiri kwamba mimi pia nimepata kucheka. Mwanafunzi yule hakusema tena muhula mzima, na sijui ni fikira gani alizozinyamazia. Basi tukiwakemea vijana wa simuni, tuanze na vicheko vyetu. Kwani mchezo usiopokea wanagenzi hufa pamoja na mabingwa wake, na lugha vivyo hivyo.