Urubani Marekani: ada ni ndogo, saa za angani ndizo ghali

Mzazi mwenye duka Namanga au malori ya kupeleka mizigo Kigali akisikia kwamba chuo cha umma Marekani kinatoa stashahada ya urubani kwa ada ya dola elfu nne kwa mwaka, hushawishika haraka. Ndugu walioko huko nao humhimiza. Kabla ya kuuza kiwanja, ni vyema achukue kalamu na karatasi. Bei hiyo ni ya kweli, lakini si bei ya kuwa rubani.

Vyuo hivyo, vinavyoitwa vyuo vya jamii, hutoa masomo ya miaka miwili. Mwaka wa masomo 2024/25, wastani wa ada kwa mkazi wa eneo la chuo ulikuwa dola 4,050. Mwanafunzi anayetoka nchi nyingine aghalabu hutozwa mara mbili au zaidi. Ada hiyo ni ya darasani tu. Ndege, mafuta na mkufunzi hulipiwa kwa saa.

Hesabu ya rubani

Leseni ya urubani wa biashara Marekani inahitaji saa 250 za kuruka, au 190 kwa anayefuata mtaala ulioidhinishwa. Tuchukulie saa 200 kwa dola 250 kila moja, pamoja na mkufunzi. Hizo ni dola 50,000, wakati ada ya mkazi kwa miaka miwili ni dola 8,100. Saa za angani zinagharimu mara sita ya ada, na bado hatujahesabu mitihani, chakula na nyumba. Familia ikiishiwa fedha katika saa ya 120, mtoto hurudi bila leseni, kwani leseni haitolewi nusu.

Baada ya leseni kuna kikwazo kingine. Kufuatia ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo mwaka 2009, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege za abiria anatakiwa kuwa na saa 1,500. Mwenye stashahada ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa hupunguziwa hadi saa 1,250. Hiyo ndiyo faida kubwa ya stashahada hiyo.

Wengi hujaza saa hizo kwa kufundisha wanafunzi wapya. Akiruka saa 70 kwa mwezi, mhitimu mwenye saa 200 anahitaji miezi 15. Lakini mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 huruhusiwa kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12 tu baada ya kuhitimu. Nyongeza ya miezi 24 kwa fani za sayansi hutolewa kwa wenye shahada ya kwanza na kuendelea. Kwa hesabu hii, muda wake unakwisha akiwa amepungukiwa saa 210.

Anayevuka hapo huvuna. Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024 zinaonyesha kuwa nusu ya marubani wa mashirika ya ndege walipata zaidi ya dola 220,000 kwa mwaka. Humo, hata hivyo, wamo manahodha wa miaka mingi.

Hesabu ya fundi

Baadhi ya vyuo hivyo hufundisha pia ufundi wa ndege. Hapo hakuna saa za kuruka. Kuna ada, vifaa na mitihani. Nusu ya mafundi walipata zaidi ya dola 78,000 mwaka 2024. Anayeanza hupata chini ya hapo, lakini hana saa elfu moja za kusubiri. Hata akianza na nusu ya mshahara huo, mkazi anaweza kurudisha gharama za masomo ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Kurudi nyumbani

Leseni ya Marekani haitumiki moja kwa moja Tanzania, Kenya wala Uganda. Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika lazima iitambue au kuibadilisha, na hilo huja na mitihani na gharama. Air Tanzania imekuwa ikiongeza ndege tangu 2016 na Uganda Airlines ilirudi angani mwaka 2019, lakini nafasi bado ni chache. Tena mkopo wa dola ukilipwa kwa mshahara wa shilingi, kila shilingi inaposhuka deni hukua.

Kwa hiyo mwenye ukaazi wa kudumu Marekani, anayeweza pia kuomba ruzuku ya Pell, ana sababu ya kujaribu urubani, mradi fedha za saa zote zipo. Mwenye viza ya mwanafunzi asipigie hesabu mshahara wa Marekani. Ajihesabu kuwa ananunua leseni ya kurudi nayo, kisha aulize bei Soroti, kwenye chuo cha anga kilichoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya zamani, pia Nairobi na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Asiye na mtaji mkubwa, ufundi ni salama zaidi.

Wafanyabiashara wanaujua msemo huu: mali bila daftari hupotea bila habari.