Takwimu za damu zirudi Bariadi

Nimerudi chuo jana toka likizo kwetu Bariadi, moyo bado mzito. Binamu yangu ana miaka minne, mifupa ikimshika analia usiku kucha. Mtaani wakasema karogwa. Kumbe ni selimundu, na tumejua mwaka huu tu!

Kinachoniuma ni hiki: utafiti uliotoka 2018 ulipima matone makavu ya damu ya watoto zaidi ya 17,000 wa mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani zake, Simiyu ikiwemo. Damu yenyewe ilishafika Bugando kwa kipimo cha VVU. Karibu mtoto 1 kati ya 5 amebeba kinasaba cha selimundu, na zaidi ya 1 kati ya 100 anaumwa.

Nako Muhimbili, 2014, vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 1,200 vilichambuliwa, ikathibitika jini ya BCL11A inachangia kiasi cha hemoglobini ya kichanga, ile inayopunguza makali. Tiba iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 inalenga jini hiyohiyo, bei iliyotangazwa wakati huo dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nani Bariadi ataiweza?

Mi naona hivi: jini tuzisome, sawa, ila tuanze kupima kila kichanga, na haidroksiyurea ifike vituo vya afya vijijini. Na sisi wa takwimu tusiishie kudesa tu. Likizo tuwaambie wachumba wapime kabla ya ndoa.

Wewe umepima? Mi kesho naenda. Nawakilisha.