Mstaafu, ziba tundu kabla ya kununua sumu

Msomaji wangu, ukitaja Lutindi, wilayani Korogwe, wengi hukumbuka hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanza huko mwanzoni mwa karne iliyopita. Leo nina mgonjwa mwingine wa Lutindi: nyumba ya mstaafu.

Pengine ni yako. Uliijenga kidogo kidogo, kila likizo mifuko kadhaa ya saruji, ukiwa kazini mjini. Umefikisha miaka 60, umerudi mlimani. Mafao yameshagawanyika, pensheni ya mwezi ina kazi zake. Masika ya kwanza yanaingia na bati linavuja juu ya kitanda. Fundi anagusa papi, linasagika kama unga: mchwa. Usiku darini kuna mbio za panya.

Hapo wastaafu wengi hufanya makosa mawili. Wanapanda ngazi wenyewe ili kuokoa hela ya fundi, na wananunua sumu ya panya kwa mchuuzi wa gulioni. Nasema wazi: ukarabati wa nyumba ya mzee ni sehemu ya matibabu yake, na upangiwe fedha pamoja na dawa za presha.

Tuanze na ngazi. Umri ukienda, mifupa hupungua nguvu, macho hayapimi vizuri umbali, na baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi anahitaji upasuaji na miezi ya kuuguzwa. Ujira wa fundi ni mdogo kuliko hapo. Kazi yako, mzee wangu, ni kukagua ukiwa chini. Baada ya mvua, mulika tochi darini utafute madoa ya maji. Tazama kama kuna njia nyembamba za udongo zinazopanda ukutani. Hizo ni za mchwa. Gonga fremu za milango. Zikilia kama debe tupu, ndani zimeliwa. Na anayezipaka mbao oili chafu asiache imgusie ngozi mara kwa mara, kwani ina kemikali zenye madhara.

Sasa panya. Sisi watu wa Usambara hatuna ruhusa ya kumchukulia panya kama kero tu. Jirani zetu wa Lushoto, kwenye safu hii hii ya milima, walipigwa na tauni kuanzia mwaka 1980, na hadi 2004 watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameugua. Tauni hubebwa na viroboto wa panya. Panya akifa, viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine, ikiwamo ya binadamu. Kwa hiyo kuua panya wengi kwa sumu, kisha kuwaacha waoze darini, kunaweza kukuletea hatari kubwa kuliko ile uliyoikimbia. Usimshike panya mzoga kwa mkono mtupu. Ukiona panya wanakufa ovyo bila kuwekewa sumu, toa taarifa kwa bwana afya. Homa kali pamoja na mtoki kinenani au kwapani haitaki kusubiri kesho. Wahi zahanati, kwa sababu tauni hutibika ikiwahiwa.

Sumu yenyewe nayo ina yake. Aina nyingi huzuia damu kuganda, na dalili huchelewa kwa siku kadhaa: fizi kutoka damu, mkojo mwekundu. Zile zinazouzwa bila lebo ni mbaya zaidi, maana hata daktari hajui aanze na tiba gani. Mzee asiyeona vizuri, mjukuu anayetambaa, unga na sumu kwenye rafu moja: huo ni msiba unaosubiri siku yake.

Utaratibu wangu ni huu. Kwanza mnyime panya chakula: mahindi yakae kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Pili ziba matundu kwa saruji na wavu wa chuma, hata yale yenye upana wa kidole. Tatu tega mitego. Sumu iwe ya mwisho, yenye lebo, na iwekwe na mtu anayeijua. Kinyesi cha panya au popo usikifagie kikavu. Kilowanishe kwanza kwa maji yenye klorini, ukiwa umefunika pua na mdomo.

Na fedha? Kila mwezi weka pembeni kiasi, hata kidogo, cha bati na misumari. Nanyi watoto mlioko Tanga na Dar es Salaam, mnapomtumia mama sukari na kitenge, ulizeni pia paa linasemaje. Serikali nayo ina deni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60 na inazungumzia matibabu yake. Lakini tunamtibu akishaanguka. Bwana afya anayekagua vyoo vya kata angekagua pia dari la bibi anayeishi peke yake, tungepunguza majeraha mengi.

Vuli haiko mbali. Jioni hii, kabla ya kulala, chukua tochi uzunguke nyumba yako.